Maneno Unayoyaacha Chumbani: Nilivyojifunza Kuzungumza na Juri

Nilikuwa na kurasa 19 zilizochapwa, zimepangwa kwenye faili jeusi, kila kichwa cha hoja nimekikoleza wino. Nilizungumza kwa dakika 52. Mteja wangu, kijana wa miaka 23 kutoka Kivu, alikaa kwenye meza yetu amevaa suti ya kuazima, mikono ameikunja mapajani kama mtoto aliye msikitini. Wajumbe sita wa juri, raia wa kawaida waliochaguliwa kuamua kesi, walikwenda chumbani kwao, wakakaa saa moja na robo, wakarudi. Mwenyekiti wao alisimama akasoma: ana hatia.

Kesi ile nilikuwa na uwezo wa kuishinda, na najua sasa ni wapi niliipoteza. Nayaandika haya kwa mawakili wa kwetu wanaofikiria kuvuka bahari, kwa wakalimani wa Kiswahili wanaofanya kazi mahakamani huku Marekani, na kwa yeyote ambaye siku moja atakaa kwenye meza ya mshtakiwa huku raia asiowajua wakiamua maisha yake. Mambo madogo ya kesi nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike, na mji siutaji. Ni kaskazini mwa jimbo la New York, eneo ambalo Wakongo, Warundi na Wasomali wamehamia kwa wingi.

Nilifanya uwakili Tanga na Dar es Salaam kwa miaka sita kabla ya kumfuata mume wangu huku. Shahada ya uzamili ya sheria ilitugharimu zaidi ya dola 50,000, deni ambalo bado tunalilipa. Mtihani wa uwakili wa New York ni wa siku mbili, na alama ya kufaulu ni 266. Mara ya kwanza zilinipungua alama tisa, nikalia kwenye gari mpaka mtoto akaniuliza nani amekufa. Mara ya pili nilipita. Kisha ofisi moja ya mawakili wa utetezi wa umma ikanichukua. Nadhani Kiswahili changu ndicho kilichonibeba, kwa sababu walikuwa na wateja wengi ambao hakuna mtu ofisini aliyeweza kuwasalimia kwa lugha yao.

Nilijiona mtu mwenye uzoefu. Nilishasimama mbele ya majaji wa Mahakama Kuu, nilishawafanyia polisi wakubwa dodoso, yale maswali ya kumbana shahidi wa upande wa pili, na kwenye kesi za mauaji nilishafanya kazi mbele ya wazee wa baraza. Kumbukumbu hiyo ya wazee wa baraza ndiyo iliyonidanganya kuliko zote. Enzi zangu wazee walikaa na jaji, wakasikiliza, mwishoni kila mmoja akatoa maoni yake, lakini maoni hayo hayakumfunga jaji. Jaji ndiye aliyeamua. Kwa hiyo sisi mawakili tulizungumza na jaji. Wazee tuliwaheshimu, tukawainamia kichwa, kisha tukamgeukia Mheshimiwa na kumtajia kesi za Mahakama ya Rufani. Mara nyingi hata hatukuzungumza, majumuisho tuliyaandika na kuyawasilisha kwa karani, upande wa pili ukajibu, nasi tukaandika rejoinda, yaani jibu la majibu yao.

Huku mambo yamegeuka. Kwenye kosa dogo wajumbe sita, kwenye kosa kubwa 12, ndio wanaoamua kama jambo limetendeka au la. Hakimu anawaeleza sheria na kuangalia kanuni zifuatwe. Uamuzi wa hatia au kutokuwa na hatia ni wao, wanautoa wakiwa wamejifungia, na sauti ni lazima ziwe moja. Louisiana na Oregon ziliwahi kuruhusu kura kumi kwa mbili, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipolikataza jambo hilo mwaka 2020. Haki ya kupewa juri kwenye kesi ya jinai imo kwenye katiba yao tangu karne ya 18. Kwetu Afrika Mashariki taasisi hii haikuwa yetu. Kenya ya kikoloni ilikuwa na juri, lakini ya Wazungu kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika alihukumiwa na jaji Mzungu akisaidiwa na wazee ambao maoni yao yangeweza kuwekwa kando. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa nimesimama mbele ya wajumbe 12, mmoja fundi bomba, mmoja mwalimu wa chekechea, mmoja bibi mstaafu, huku jaji akisimama juri inapoingia.

Sasa nirudi kwa kijana wa Kivu.

Alishtakiwa kumjeruhi jirani yake kwenye maegesho ya duka la vyakula. Jirani alisema kijana alimshika kifundo cha mkono na kukisokota makusudi, hospitali ikaandika kwamba kimeteguka. Kijana alisema jirani ndiye aliyemkaba shati kwanza, naye akauondoa mkono ule ili aondoke zake. Hapakuwa na shahidi mwingine wa maana. Kwa sheria ya New York, mshtakiwa akiibua suala la kujitetea, upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuonyesha kwamba hakuwa anajitetea, tena bila kuacha shaka yenye sababu. Ukiiangalia hivyo, ni kesi nzuri kwa utetezi.

Nilimpandisha kizimbani. Akaulizwa alifanya nini baada ya kukabwa, akajibu kwa Kiswahili chake: "Nilitosha mukono yake ku shati yangu."

Msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja anajua kutosha ni kuenea, kuwa na kiasi kinachofaa. Kwa Wakongo wengi, kutosha ni kutoa, kuondoa. Kijana alisema: niliuondoa mkono wake kwenye shati langu. Mkalimani wa siku ile alikuwa mtu wa upande wetu wa pwani, mpole na mwenye adabu. Alisita, akamwangalia kijana, kisha akatoa kwa Kiingereza sentensi isiyo na kichwa wala miguu, kitu kama mkono wake ulitosha kwenye shati langu. Mwendesha mashtaka akainua kichwa. Wajumbe wawili wakatazamana.

Mimi nilielewa palepale. Kila neno nililisikia. Na nilinyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu ya mazoea ya kwetu. Nilijiambia kwamba hili nitalinyoosha kwenye hoja za mwisho, kwa utulivu, kama nilivyokuwa nikinyoosha mambo kwenye majumuisho. Niliandika pembeni ya karatasi: "tosha = ondoa, eleza juri". Halafu nikauliza swali linalofuata.

Siku ya pili nikasimama kutoa hoja za mwisho. Nilipofika hapo nikasema: waheshimiwa wajumbe, mimi ni mzungumzaji wa Kiswahili, na neno alilolitumia mteja wangu maana yake ni kuondoa. Sikumaliza. Mwendesha mashtaka alisimama kutoa pingamizi, hakimu akalikubali, akawaambia wajumbe walipuuze nililosema. Ushahidi ni ule uliotafsiriwa kizimbani na mkalimani. Wakili si shahidi. Ninachokijua mimi kichwani mwangu, kama hakikuingia kwenye kumbukumbu za mahakama kupitia mdomo wa shahidi au kielelezo kilichopokelewa, kwa juri hakipo.

Niliyumba. Baada ya hapo nilifanya makosa mfululizo kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Nikasema "ninaamini kijana huyu anasema kweli", pingamizi, limekubaliwa, kwa sababu wakili haruhusiwi kuweka imani yake binafsi kwenye mizani. Nikasema "jiwekeni ninyi wenyewe kwenye nafasi yake, mmekabwa shati na mtu", pingamizi tena, kwani ni marufuku kumwomba mjumbe ajigeuze kuwa mmoja wa wahusika. Nikagusia kwamba maisha ya mtu huyu hapa Marekani yanategemea uamuzi wao. Hakimu alituita kwenye meza yake na kunionya kwa sauti ya chini. Juri huelekezwa kabisa wasifikirie adhabu wala kinachoweza kufuata baada ya hukumu. Tangu mwaka 2010 mimi kama wakili nina wajibu, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu, wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakubali kosa. Lakini wajumbe hawaruhusiwi kuijua hatari hiyo. Ni jambo zito sana kulibeba. Unamtazama mjumbe usoni, wewe unajua kinachosubiri ng'ambo ya neno lake, naye hajui, na huwezi kumwambia.

Kisha nikarudi kwenye kurasa zangu 19 na kuanza kusoma kesi zilizoamuliwa. Hakimu akanikatiza kwa upole akisema sheria ataieleza yeye.

Kosa la mwisho lilikuwa la mpangilio. Katika jimbo la New York utetezi hutoa hoja za mwisho kwanza, mwendesha mashtaka anafuata, na utetezi hausimami tena. Mahakama za shirikisho zina utaratibu mwingine, serikali huanza, utetezi hujibu, serikali humalizia. Nililijua hilo, nililifanyia mtihani. Ila mwili wangu ulikuwa bado unaishi kwenye nchi ya rejoinda. Nilipokaa na kumsikia mwendesha mashtaka akiwauliza wajumbe "kama alikuwa anajitetea, mbona alipoulizwa alichofanya alijibu kitu kisichoeleweka?", nilishika kalamu kuandika jibu. Jibu lilikuwa zuri. Hapakuwa na mahali pa kulisemea.

Jioni ile nilimpigia simu mama wa kijana, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kuzungumza. Nilijaribu kueleza. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Uliwaambia nini, mama avoka?" Avoka kwao ni wakili. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu maneno niliyoyasema kwa niaba ya mwanawe. Nilikuwa nimesema maneno ya dakika 52 na sikuweza kumtajia hata moja.

Adhabu ilikuwa miaka mitatu ya uangalizi bila kifungo, na maombi yake ya ukaazi wa kudumu yakakwama. Tulikata rufaa. Hoja ya ukalimani haikusikilizwa kwa uzito wake, kwa sababu wakili aliyekuwepo hakutoa pingamizi wakati neno lilipotafsiriwa vibaya. Wakili huyo ni mimi. Nilimweleza kijana hivyo ana kwa ana, kwa Kiswahili, bila kumtupia mkalimani lawama. Kama wewe ni wakili na umefika mahali kama hapo, usimwachie mtu mwingine kazi ya kusema.

Miezi iliyofuata sikuomba kesi ya juri. Kila nilipopata saa moja nilikwenda kukaa kwenye viti vya nyuma vya mahakama na kuangalia kesi za wengine. Hili ni bure, milango iko wazi, na namshauri kila anayehamia huku alifanye kabla hajalipia kozi yoyote. Sikuwaangalia mawakili, niliwaangalia wajumbe. Niliona wakati wanapoacha kuandika, wakati wanapotazama saa, na wakati mmoja anapokunja uso na jirani yake akakunja wa kwake. Dakika 20 za mwanzo wako nawe. Baada ya hapo wanakusubiri umalize.

Nilisoma pia hotuba za zamani. Mwaka 1735, hapahapa New York, Andrew Hamilton alimtetea mchapishaji John Peter Zenger aliyeshtakiwa kwa kumkashifu gavana. Majaji walitaka juri iamue tu kama gazeti lilichapishwa, Hamilton akawaeleza wajumbe kwamba wana haki ya kuuliza kama yaliyochapishwa ni ya kweli. Wakamwachia. Nilisoma alivyozungumza Clarence Darrow kule Detroit mwaka 1926 akimtetea Henry Sweet, kijana mweusi aliyeshtakiwa kwa mauaji baada ya kundi la watu kuizingira nyumba ya kaka yake, daktari aliyehamia mtaa wa Wazungu. Juri ilikuwa ya wanaume weupe watupu, na waliamua hana hatia. Ni maneno ya kutetemesha. Lakini yalinipoteza kwa muda, maana nilianza kutunga sentensi kubwa kubwa ambazo kinywani mwangu, kwa lafudhi yangu, kwenye kesi ya kifundo cha mkono, zilisikika kama nguo ya mtu mwingine.

Aliyenifungua macho alikuwa baba mkubwa wangu, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kuona juri maishani mwake. Alikuwa mshenga. Kule Muheza ukimtaka binti wa watu ulimtafuta yeye apeleke barua. Nikiwa mdogo nilimsikia akimwambia baba yangu siri ya kazi ile. Mshenga anaingia, anakaribishwa, anasema, kisha anaambiwa asante, mtajibiwa. Anaondoka. Mazungumzo yenyewe yanaanza akishatoka. Humo ndani wajomba wanabishana, shangazi anakumbushia ya nyuma, babu anauliza ukoo, na mshenga hayupo. "Mimi siongei na baba wa binti," alisema. "Naangalia nani mle ndani keshatupenda, labda shangazi mmoja amekaa karibu na mlango. Namwachia yeye maneno ya kunisemea."

Nilikumbuka hayo nikiwa kwenye kiti cha nyuma mahakamani, na karibu nisimame. Hoja za mwisho ni kazi ya mshenga. Mjumbe ambaye keshakukubali hahitaji kushawishiwa tena, anahitaji silaha. Ndani ya chumba kile atakutana na mwenzake mkali anayesema kijana ni mwongo, naye atatafuta kitu cha kujibu. Kama ulimpa dakika 52 za Kiingereza kizuri, atabaki anapapasa. Kama ulimpa kitu kimoja anachoweza kukishika, kwa mfano saa, karatasi au sentensi ya shahidi, atakiweka mezani.

Tangu hapo nilibadili namna ya kufanya kazi. Siku ninapopokea faili naandika hoja za mwisho, kabla sijamsikia shahidi hata mmoja. Nusu ya ukurasa. Pembeni ya kila sentensi naandika itatoka kwa nani: askari wa kwanza, mlalamikaji, kielelezo fulani. Sentensi isiyo na mtu pembeni yake ni sentensi ambayo sina haki ya kuisema, kwa hiyo naitafutia swali la dodoso au naifuta. Dodoso lenyewe limekuwa fupi, kwa kuwa najua ninachokifuata. Na kwenye hotuba ya ufunguzi siahidi kitu ambacho shahidi anaweza kunigeuka. Mwendesha mashtaka huandika ahadi zako na kuzisoma mwishoni, wakati wewe umeshakaa.

Kabla ya hoja za mwisho kuna kikao cha mawakili na hakimu kuhusu maelekezo ya sheria atakayowasomea wajumbe. Msikipuuze. Ukishajua maneno atakayotumia, tumia yaleyale. Maelekezo ya New York yanasema shaka yenye sababu ni shaka ya kweli ambayo sababu yake inatokana na aina na ubora wa ushahidi. Nikisema "shaka ya kweli" nami, na nusu saa baadaye hakimu akayarudia maneno hayohayo, wajumbe wanayasikia kama sauti moja.

Kuhusu lafudhi, nililificha jambo hili kwa muda mrefu, nikijitahidi kusema kama wao. Sasa nalisema mapema, wakati wa kuwahoji wajumbe kabla hawajachaguliwa. Nawaambia nimekua nikizungumza lugha nyingine, kuna maneno nitayatamka kwa namna yangu, je, kuna anayeona itamsumbua? Kuna anayeinua mkono, na namshukuru kwa dhati, maana amesema ukweli. Wengine hulegea mabega. Kisha nazungumza polepole.

Kesi ya pili ilikuja karibu miaka miwili baadaye. Unyang'anyi, kosa kubwa, wajumbe 12. Mteja alikuwa kijana mweusi Mmarekani, mlalamikaji alikuwa mzungu aliyeporwa simu usiku kituo cha basi. Ushahidi wote ulisimama juu ya utambuzi. Siku 11 baada ya tukio, mlalamikaji alimchagua mteja wangu kwenye gwaride la utambulisho akasema ana uhakika kabisa. Lakini usiku uleule wa tukio alipiga simu ya dharura, na kwenye sauti iliyorekodiwa, akihema, alisema uso hakuuona vizuri.

Nilihakikisha rekodi ile inapokelewa kama kielelezo. Kwenye dodoso nilimuuliza mlalamikaji maswali matano tu. Ile ni sauti yako? Ilikuwa dakika chache baada ya tukio? Kumbukumbu yako wakati ule ilikuwa mbichi kuliko leo? Ulitaka polisi wampate mtu wa kweli? Uliwaambia ukweli? Alijibu ndiyo mara tano. Swali la sita lilinijia mdomoni, lile la "sasa unawezaje kuwa na uhakika", nikalimeza. Hilo ni la hoja za mwisho, na la wajumbe. Ukimuuliza shahidi atakueleza anavyoweza. Niliomba pia maelekezo kuhusu utambuzi kati ya watu wa rangi tofauti. Mahakama kuu ya rufani ya New York iliamua mwaka 2017 kwamba utetezi ukiyaomba kwenye kesi ambayo utambuzi unabishaniwa na rangi za wahusika zinaonekana tofauti, jaji anapaswa kuyatoa.

Hoja zangu zilichukua dakika 21. Karatasi moja, maneno sita yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Sikumshambulia mlalamikaji, alikuwa ameporwa kweli na alistahili heshima. Sikusema nani aliiba simu, maana siku nitakapoanza kumtafuta mwizi ndiyo siku wajumbe watakaponidai mwizi, na mzigo huo si wa utetezi. Nilijua mwendesha mashtaka atasema mtu akiwa na hofu huongea ovyo kwenye simu, na kwamba uhakika ulikuja baada ya kutulia. Kwa kuwa nisingepata nafasi ya kujibu, nilimjibu kabla hajasema: mtafakari kama uso usiouona vizuri usiku huo unaweza kuonekana vizuri zaidi siku 11 baadaye. Kisha nikawaambia wana haki ya kumwandikia jaji kuomba kusikiliza tena ushahidi wowote. "Mkibishana humo ndani," nilisema, "ombeni ile simu."

Nikakaa. Mwendesha mashtaka alipoanza kusema "mimi binafsi sina shaka", nilisimama kupinga mara moja, mikono ikinitetemeka. Pingamizi likakubaliwa. Kusimama katikati ya hotuba ya mtu kunakwenda kinyume na malezi yetu, tumefundishwa kumwacha mwenzako amalize. Lakini usiposimama wakati ule, mahakama ya rufaa itakuambia ulinyamaza.

Kusubiri ni sehemu ambayo hakuna anayekuandaa. Siku ya kwanza noti ilitoka: wanaomba rekodi ya simu. Wakasikiliza, nyuso zimetulia, wakarudi ndani. Siku ya pili asubuhi wakaomba tena. Mchana noti ya tatu: hatuwezi kukubaliana. Jaji aliwasihi waendelee, kila mmoja asikilize mwenzake bila kuacha imani yake ya dhati. Mteja aliniuliza hiyo ni nzuri au mbaya. Nilimwambia ukweli, kwamba inaweza kuwa yoyote. Tulikaa kwenye korido tukila biskuti za mashine. Saa kumi na robo jioni walirudi. Hana hatia.

Baada ya uamuzi wajumbe wako huru kuzungumza na mawakili wakitaka. Wengi waliondoka bila kututazama. Bibi mmoja mstaafu alisimama karibu na lifti, nikamuuliza kama kuna jambo lolote angeniambia kuhusu kazi yangu. Alifikiri. Akasema mengi ya hotuba yangu hakuyakumbuka walipofika ndani, na mwanzoni walikuwa wanane kwa wanne upande wa hatia. "Ila ulisema tuombe simu," alisema, "nami ndiye niliyeandika noti." Ile sentensi niliyoipenda kuliko zote, ya uso kuonekana vizuri zaidi baada ya siku 11, hakuitaja kabisa.

Wiki ijayo nachagua juri nyingine. Mteja ni mama kutoka Uvira, atatoa ushahidi mwenyewe. Nimeiomba mahakama mkalimani anayekijua Kiswahili cha Kongo, na mkalimani huyo, mzaliwa wa Bukavu, atakaa naye nusu saa kabla ya kesi wasikilizane lafudhi bila kugusa yaliyomo kwenye kesi. Nimemwambia mama kwamba akisikia nimesimama ghafla katikati ya jibu lake asiogope, naomba tu neno lake litafsiriwe sawa kabla hatujasonga. Aliniuliza nitajuaje kama limekosewa. Nikamsimulia kuhusu "kutosha". Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunitajia mengine, moja baada ya lingine, nami nikachukua kalamu nikaandika yote.